Kiranja wa Furaha

Shule ilikuwa na viranja wa kila namna: kiranja wa usafi, kiranja wa taaluma, kiranja wa michezo, hata kiranja wa kengele, ambaye kazi yake ilikuwa kugonga chuma na kuringa. Kilichokosekana, kwa maoni ya mwalimu mkuu, ni kiranja wa furaha. Wazo hilo alirudi nalo kutoka semina, pamoja na mkoba mpya na kalamu zisizoandika. Huko walimwambia kwamba mwanafunzi mwenye matumaini husoma vizuri kuliko mwenye huzuni. Ni kweli, nani atabisha? Ila mwalimu mkuu alikuwa mtu wa mistari. Ukimwambia watoto wana kiu, atawapanga foleni wanywe kwa filimbi. Basi na furaha nayo akaipanga foleni.

Kumpata kiranja hakukuhitaji kura. Palikuwa na binti wa kidato cha tatu aliyeitwa Kicheko tangu utotoni, na sababu ilisikika mpaka barabarani. Akicheka, ni kama mfuniko wa sufuria umeanguka sakafuni ukazunguka mpaka uchoke wenyewe. Walimu walikuwa wamemtoa nje ya darasa mara nyingi kwa ajili ya kicheko hicho, na sasa wakampa cheo kwa kicheko hichohicho. Haya, dunia ndiyo hii.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Asubuhi mstarini, wimbo ukiisha, Kicheko anapanda ngazi za ofisi na kupaza sauti: "Habari zenu?" Shule nzima inaitikia: "Njema! Njema sana! Na kesho njema zaidi!" Halafu anashuka, anapita katikati ya mistari akikagua nyuso, kama kiranja wa usafi anavyokagua kucha. Akimaliza, mwalimu mkuu anauliza, "Walionuna?" na kiranja anawaita mbele. Wakishafika mbele, wanacheka mpaka shule iridhike. Hakuna kiboko, hakuna kufyeka majani. Mwalimu mkuu alisema haijapata kutokea adhabu tamu kama hiyo, na hakuna aliyethubutu kumuuliza kwa nini furaha imeitwa adhabu.

Na tusimsingizie mtu, mwanzoni ilipendeza. Kicheko alikuwa na kipaji cha kuvunja watu mbavu. Watoto wa kidato cha kwanza walijinunisha makusudi ili waitwe. Mwalimu wa hesabu, ambaye watu walidhani akionyesha meno anatozwa kodi, alionekana nyuma ya mlango wa maabara akijifuta machozi ya kucheka. Kicheko akawa anatembea kifua mbele. Nyumbani mama yake alimwambia, "Afadhali mdomo wako umepata ajira, maana hapa ulikuwa unatutesa bure."

Aliyekaa naye dawati moja ni Ngongoti. Huyu aliingia likizo akiwa binti wa kimo cha kawaida, akarudi mrefu kama anayetembea juu ya miti, ndipo jina lilipompata. Walikuwa marafiki tangu walipogombania kifutio darasa la pili. Kicheko alisema, Ngongoti alisikiliza. Kicheko akitia chumvi, Ngongoti aliipunguza: "Walikuwa mbwa wawili, si sita. Endelea." Ndivyo urafiki wao ulivyokwenda miaka yote, na kila mmoja aliridhika na zamu yake.

Muhula ule Ngongoti aliacha kupunguza chumvi. Kicheko angeweza kusema mbwa walikuwa mia na wamevaa viatu, mwenzake anatazama dirishani tu. Wakati wa mapumziko alibaki darasani, kichwa juu ya dawati. Nywele zake, ambazo alikuwa akizisuka kwa uangalifu kila Jumapili, zikawa zinakuja shuleni zilivyoamka. Kicheko akimuuliza, "Mwenzangu, una nini?" anajibiwa, "Sina kitu." Akichunguza, kweli hapakuwa na kitu. Hakuna aliyekufa kwao, hakuna aliyefukuzwa kazi, hakuna mvulana. Basi akaamua ni uchovu, akaongeza vichekesho.

Mwenye macho haambiwi tazama, lakini kuna watu wana macho na cheo kwa pamoja, na cheo kinaziba.

Asubuhi moja ya Jumanne Kicheko alipita mstari wa kidato chake akamkuta Ngongoti amesimama kama aliyesahauliwa pale. Uso haukununa hasa. Haukuwa na chochote. Angeweza kupita, na moyo wake ulimwambia apite. Lakini siku iliyotangulia vijana wa kidato cha nne walikuwa wamenong'ona kwa sauti kwamba kiranja ana upendeleo, huyo rafiki yake ananuna wiki nzima na haitwi. Na tena, tuseme ukweli wake wote, Kicheko aliamini. Aliamini kabisa kwamba kucheka ni dawa, na nani humnyima rafiki yake dawa?

"Walionuna?" aliuliza mwalimu mkuu.

"Ngongoti, mbele!"

Ngongoti alikwenda. Alisimama mbele ya shule nzima, urefu wake wote hauna pa kujificha, akacheka. Jamani, alicheka vizuri. Alicheka kirefu, kwa sauti ambayo hakuna aliyejua kama anayo, na shule ikacheka naye, ikapiga makofi, mpaka mwalimu mkuu akasema, "Umeona? Umeona sasa!" Kicheko alikuwa karibu naye kuliko wote, na ni yeye pekee aliyeona kwamba macho ya Ngongoti hayakuwemo katika kicheko kile. Yalikuwa yanatazama mbali, juu ya paa la maabara, yakisubiri mdomo umalize kazi yake.

Mapumziko yalipofika Ngongoti alichukua begi lake akatoka getini. Kesho yake hakuja. Keshokutwa dawati likawa na mtu mmoja tena, na nafasi pembeni.

Alhamisi baada ya masomo Kicheko alikwenda kwao. Mama yake Ngongoti alikuwa fundi cherehani, kazi akiifanyia barazani, na nyumba nzima iliishi kwa mlio wa mashine ile.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ingia, yuko ndani. Labda wewe atakusikia, mimi nimeshaongea mpaka ulimi umeota sugu."

Kicheko aliingia na vichekesho vitatu tayari mdomoni. Ngongoti amelala ameelekea ukutani. Kicheko akatoa cha kwanza, wapi. Akaanza cha pili, kile cha mwalimu wa hesabu na kuku.

"Usinichekeshe," alisema Ngongoti, bila kugeuka. "Nimechoka kucheka."

"Umenikasirikia?"

"Hapana."

Angesema ndiyo ingekuwa nafuu. Mtu mwenye hasira unamwomba radhi, mnagombana, yanakwisha. Huyu hakuwa na hasira. Alisema tu kwamba harudi tena shule, kwa sauti ya mtu anayetaja saa. Kicheko akatoka barazani mdomo mtupu, na hilo halikuwahi kumpata.

Juu ya meza ya kukatia palikuwa na sketi ya sare, ndefu, imechomekwa pini kiunoni.

"Hiyo ni yake?" aliuliza.

"Ni yake. Nimempa mpaka Jumatatu." Mama alinyoosha kitambaa kwa kiganja. "Asipokwenda, naipunguza, mdogo wake anaihitaji, na huyu atakaa hapa kwenye cherehani pamoja nami. Siwezi kumburuta mtoto anayenizidi kimo. Na sina moyo wa kuiangalia sketi hii ikining'inia hapo kila siku kama inanidai."

Wakati huohuo aliingia mteja, mwanamke wa makamo na pazia begani.

"Hodi hapa. Habari za hapa, fundi?"

"Karibu, dada. Nzuri. Nzuri tu."

Mteja hakutoa pazia lake. Aliliweka chini, akavuta kigoda, akakaa, akamtazama fundi usoni bila haraka. Fundi akakanyaga mashine, akashona kidogo, akaacha. Akakanyaga tena, akaacha.

"Nzuri," alisema, "ila huyu mwanangu, dada, ananitoa roho." Na yule mama, ambaye Kicheko alikuwa anamjua kwa ukali tu, akaweka paji la uso juu ya cherehani akalia.

Mteja hakusema "nyamaza". Hakusema "itakuwa sawa" wala "mshukuru Mungu, wengine wana makubwa zaidi". Alisema, "Pole, mwenzangu," akaendelea kukaa. Baada ya muda ndipo akaongeza, taratibu, kwamba kwao pia alikuwepo mmoja wa hivyo, kijana wa shangazi yake, na walikuwa wakimwita mvivu mpaka walipompeleka hospitali wakaambiwa haya nayo ni maradhi, na yana wataalamu wake. Fundi akainua kichwa. Kicheko akaaga, hakuna aliyemsikia.

Njiani alikuwa anaongea peke yake. Alikuwa ameyasikia maneno yale maisha yake yote asiyasikilize. Watu wazima ndivyo wanavyosalimiana! Hata mwenye msiba mbichi ukimuuliza habari atakwambia nzuri. Nzuri, ila jana tumezika. Nzuri, ila mtoto ana homa. Ile nzuri ni adabu, ni kufungua mlango tu. Habari yenyewe iko kwenye ila, na anayeuliza anajua, ndiyo maana haondoki. Sasa sisi pale mstarini, alijiambia, tunapiga kelele njema, njema sana, halafu haooo, madarasani. Nani amewahi kupewa nafasi ya ila? Na anayeuliza habari kila asubuhi ni nani? Ni mimi.

Usiku ule alilala vibaya. Ijumaa akapanda ngazi za ofisi.

"Habari zenu?"

"Njema! Njema sana! Na kesho njema zaidi!"

Akashuka, akapita mistari yote bila kuangalia uso wa mtu, akarudi akasimama mbele, pale wanaposimama walionuna.

"Haya, kiranja. Walionuna?" aliuliza mwalimu mkuu.

"Mimi, mwalimu."

Shule ikaangua kicheko. Bila shaka! Kicheko amenuna, nani aliwahi kusikia? Wakadhani ndiyo kichekesho cha leo.

"Sitanii," alisema.

Wakacheka zaidi. Kidato cha kwanza walikuwa wanashikana mabega. Alikunja uso, wakapiga makofi. Kila alichofanya kiliwafurahisha, na hapo, mbele ya nyuso zile zote zilizochangamka, Kicheko akajua barabara alipokuwa amemsimamisha rafiki yake. Akaanza kulia. Hata hapo wa nyuma waliendelea kucheka, kwa sababu hawakuona vizuri, ila mstari wa mbele ukanyamaza, kisha wa pili, kimya kikaenda kikirudi nyuma mpaka kikafika ukutani.

"Rafiki yangu ameacha shule," alisema. "Nilimwita hapa acheke, na alikuwa hana hali. Nilikuwa nakaa naye dawati moja."

Mwalimu mkuu hakuwa mtu mbaya. Alivua miwani, akaivaa, akasema waende madarasani, na hakupuliza filimbi.

Ofisini alikaa na mwalimu wa biolojia, ambaye pia ndiye aliyekuwa mwalimu wa malezi, kwa sababu ratiba yake ilikuwa na nafasi. Kicheko alisimama mlangoni.

"Mimi sielewi," alisema mwalimu mkuu. "Kule semina tulifanya hivihivi, na tulicheka wote."

"Kule mlikuwa mnalala hotelini, mwalimu," alisema mwalimu wa malezi.

Mwalimu mkuu akafikiri. "Basi hilo la kuwaita mbele life leo," alisema mwishowe. "Lakini njema sana ibaki. Nimeshawaandikia wakubwa kwamba tunayo."

Kicheko alitaka kurudisha cheo palepale. Mwalimu wa malezi akamwambia cheo si haraka. "Jumapili jioni nitakwenda kwao, nizungumze na mama yake habari ya hospitali. Namfahamu daktari wa mambo haya, anasikiliza. Lakini binti mwenyewe nikimuuliza mimi hali yake, atanijibu shikamoo mwalimu, nzuri mwalimu. Wewe tangulia."

"Nikamwambie nini?"

"Mimi najua? Wewe ndiye rafiki yake."

Jumapili mchana sketi bado ilikuwa juu ya meza, na sasa ilikuwa na alama za chaki pale mkasi utakapopita. Mama alimwonyesha ndani kwa kidevu. Ngongoti alikuwa vilevile, ukutani. Kicheko akakaa sakafuni, mgongo kwenye kitanda.

"Habari?"

"Nzuri."

Kicheko akanyamaza.

Nyie mnaomjua mtu msemaji mnajua hii ni kazi ya namna gani. Ulimi ulimwasha. Kile kichekesho cha kuku kilimpanda mpaka kooni, akakimeza. Akataka kusema "mwalimu mkuu ameondoa kuitwa mbele", akataka kusema "nimelia mbele ya shule nzima", akataka kusema "nisamehe", yote akayabana. Nje mashine ilishona, ikaacha, ikashona. Inzi akaingia, akazunguka chumba, akatoka. Mguu ukaingia ganzi. Kitanda kikalia nyuma yake.

"Mbona husemi?" aliuliza Ngongoti.

"Nasubiri."

"Unasubiri nini?"

"Umesema nzuri. Nasubiri ila."

Kimya kikarudi, kirefu kuliko cha kwanza. Kicheko alidhani ameharibu.

"Hakuna kilichotokea," alisema Ngongoti.

"Sawa."

"Kila mtu ananiuliza nini kimetokea. Hakuna! Ningekuwa na msiba, ningesema nina msiba, watu wangekuja, wangekaa. Mimi sina msiba. Nikiamka asubuhi najiona nimebebeshwa gunia la mchanga, na sijui nani kanitwika, wala kwa kosa gani. Ninyi mkiongea nawasikia kama mko nyumba ya pili. Niliona nikisema, mtaniambia najidekeza."

Kicheko alitaka kukataa, akashindwa kusema uongo. "Ningekwambia hivyo," alisema.

"Najua." Ngongoti alivuta pumzi. "Siku ile mbele nilidhani nitashindwa kucheka. Nikajiambia, vizuri, nikishindwa wataona, hata sitahitaji kuwaambia. Halafu nikaweza. Nikawaona wote mmefurahi. Ndipo nilipoogopa hasa. Nikasema, basi, hakuna atakayejua kamwe."

Mashine nje ilikuwa imenyamaza kitambo, ingawa hakuna aliyeangalia tangu lini. Mama alikuwa mlangoni, mkanda wa kupimia shingoni, mkono mdomoni. Hakuingia. Kicheko akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka, akapapasa mpaka akaupata mkono wa Ngongoti, wakalia wote wawili, mmoja anatazama ukuta huu na mwingine ule.

Jioni mwalimu wa malezi alikuja, akakaa na mama na binti barazani, wakapanga siku ya kwenda hospitali. Hakuna aliyetaja shule. Kicheko alipoaga aliogopa kutazama mezani.

"Kesho nitapita," alimwambia Ngongoti.

"Sijui kama nitakuja."

"Sijasema uje. Nimesema nitapita."

Jumatatu alitoka kwao mapema kuliko kawaida, roho juu. Barazani kwa fundi mashine ilikuwa bado imefunikwa. Alisimama nje hakupiga hodi, maana aliogopa jibu. Mlango ukafunguka, Ngongoti akatoka ameinama kukwepa fremu, amevaa sare, nywele hazijasukwa, uso umevimba kwa usingizi mbaya. Hakutabasamu, na Kicheko hakumdai.

"Habari?" alisema Kicheko.

"Nzuri," alijibu Ngongoti. "Ila sijalala. Ila nilipoamka sikutaka kuamka. Ila nimevaa."

Wakaanza kutembea, na Ngongoti akaendelea, polepole, kwa vipande, kama mtu anayetoa vitu kwenye sanduku la siku nyingi na hajui kilicho chini. Kicheko alitembea kando yake akiwa hana la kusema na halitafuti. Watu waliwapita. Watoto wa shule ya msingi waliwapita. Walipofika kwenye ukuta wa shule Ngongoti alikuwa bado katikati ya maneno, na ndani chuma kilikuwa kinagongwa kwa majivuno yake yote. Kisha wakasikia mistari imetulia, wimbo umekwisha, na pale ambapo sauti ya kiranja ingepanda, hapakuwa na mtu.

Ngongoti akasimama. "Wanakusubiri."

"Wangoje," alisema Kicheko. "Endelea."